Bomba lipi kwa kazi ipi? Mwongozo wa kuchagua mabomba ya maji ya nyumbani

"Kati ya PPR na chuma, lipi zuri?" PPR ni bomba la plastiki linalounganishwa kwa kuchomelewa kwa joto. Nimeulizwa swali hili mara nyingi mno, na siku hizi najibu kwa swali: zuri kwa kupitisha nini, na lipite wapi? Muulizaji hununa kidogo, anadhani namkwepa. Simkwepi. Bomba halichaguliwi kwa nyumba nzima, linachaguliwa kwa kipande. Nyumba iliyotandazwa vizuri huwa na aina mbili au tatu, kila moja mahali pake. Anayebeba aina moja tu kwa sababu jirani kasema ni nzuri ndiye anayenitafuta baadaye kuniambia ukuta umelowa.

Maswali mengine yasiyokwisha nayajibu hapa hapa. Gundi ya PVC, ile plastiki ngumu inayounganishwa kwa gundi, haishiki PPR, hata ukimaliza kopo zima. PVC nyembamba ya maji taka haibebi maji ya presha. Na "ishirini" ya PPR si sawa na "nusu inchi" ya chuma. Hilo la mwisho linaumiza wengi, nitalirudia kwa kirefu kwenye hatua ya 5.

Mwongozo huu ni wa maji safi, baridi na ya moto, kutoka mita au tangi mpaka kwenye koki. Maji taka yana sheria zake, nayagusa kwa mstari mmoja au miwili tu.

Andaa hivi kabla hujanunua chochote

- Karatasi, penseli na futi ya kupimia.
- Sumaku ndogo na sarafu, kama nyumba ina mabomba ya zamani.
- Ndoo ya lita 10 na saa. Fungua koki mpaka mwisho, hesabu sekunde ndoo inavyojaa, kisha andika. Fanya hivyo kwa kila koki. Namba hizi zitakusaidia baadaye maji yakionekana "yamepungua".
- Taarifa za hita: ya umeme yenye tangi, ya jua, au hakuna.
- Chanzo cha maji: mtandao wa maji, tangi la juu, kisima, pampu.
- Jibu la swali hili: nani ataunganisha, na ana vifaa gani? Fundi asiye na mashine ya kuchomelea PPR hawezi kukufungia PPR, hata awe hodari namna gani kwenye chuma.

Hatua ya 1: Chora njia ya maji, kisha ikate vipande

Si lazima mchoro uwe mzuri. Chora mstari kutoka maji yanapoingilia mpaka kila koki. Sasa ukate mstari huo kila mazingira yanapobadilika: chini ya ardhi, juani, ndani ya ukuta, karibu na hita, wazi chini ya sinki. Kila kipande kipe namba na pembeni andika urefu wake, kama maji ni ya moto au baridi, kama jua linakifikia, na kama utaweza kukifikia tena bila kuvunja kitu.

Hilo la mwisho watu hulipuuza. Kipande kitakachozikwa chini ya sakafu kinahitaji bomba lisilo na maungio kabisa njiani. Chini ya sinki hata maungio matano hayana neno, utayaona na utayakaza.

Hatua ya 2: Tambua kilichopo

Nyumba ikiwa mpya, ruka hatua hii.

Kwangua bomba la zamani kwa sarafu, kisha lijaribu kwa sumaku. Sumaku ikinata, ni chuma, mara nyingi kile cha GI kilichopakwa zinki. Isiponata na ulipokwangua pana wekundu, ni shaba. Isiponata, bomba ni la kijivu, laini kiasi cha sarafu kuacha mfereji, na mkwaruzo unang'aa kama fedha mpya, hilo ni la risasi, madini yenye sumu. La risasi halirekebishwi wala haliungwi na jipya. Linatolewa lote. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kuchemsha maji hakuiondoi.

Chuma cha zamani hudanganya kwa nje. Niliwahi kukata bomba la nusu inchi ambalo mwenye nyumba aliapa ni zima, maana nje hakukuwa na hata doa. Ndani kutu ilikuwa imejijenga magamba juu ya magamba, kahawia iliyokolea, na katikati pamebaki tundu ambalo penseli isingepita. Alikuwa amenunua pampu mbili kuongeza presha.

*Tahadhari:* kwenye nyumba za zamani nyaya za umeme wakati mwingine zimefungwa kwenye bomba la chuma ili liwe njia ya umeme kwenda ardhini. Ukikata chuma na kuweka plastiki katikati, njia hiyo imekatika na nyumba haina kinga. Ukiona waya umebanwa kwenye bomba, usiguse kitu mpaka fundi umeme aje.

Hatua ya 3: Jua presha na joto

Hesabu ya presha ni rahisi: kila mita 10 za kimo cha maji hutoa takribani bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Tangi ambalo maji yake yako mita 4 juu ya koki linakupa bar 0.4 tu. Mwenye tangi la namna hii hana haja ya kuhofia bomba kupasuka; adui yake ni tundu jembamba. Mwenye pampu au maji ya mtandao yuko upande wa pili, na akumbuke kwamba presha ya mtandao hupanda usiku watu wakilala. Ukipima, pima alfajiri.

Joto ndilo linaloua plastiki. PVC ya kawaida ni ya maji baridi. Ikipita nyuzi 45 hapo si mahali pake tena, na ikikaribia 60 inaanza kulegea. HDPE, plastiki nyeusi inayopinda, nayo ni ya baridi. PPR, CPVC (ndugu wa PVC anayevumilia joto) na PEX (plastiki laini inayopinda) hubeba maji ya moto ya nyumbani. Hita ya jua ni habari nyingine: siku ya jua kali, kama hakuna aliyetumia maji, yanaweza kukaribia kuchemka.

Hatua ya 4: Mpe kila kipande bomba lake

*Chini ya ardhi, kutoka mita mpaka nyumbani.* Tumia HDPE, lile jeusi ambalo mara nyingi lina mistari ya bluu. Linakuja kwa roli, kwa hiyo njia nzima inaweza kuwa kipande kimoja bila kiungio. Linapinda na ardhi, halina kutu. Lilaze juu ya mchanga, ondoa mawe yenye ncha, na panapopita gari lipitishe ndani ya bomba kubwa zaidi. Chuma cha GI ardhini sikipendi, hasa penye udongo wa chumvi: huliwa na kutu kutoka nje na kutoka ndani kwa pamoja.

*Ndani ya ukuta, maji baridi na moto.* Hapa chaguo langu la kwanza ni PPR, kwa sababu moja tu: ukichomelea vizuri, bomba na kiungio vinakuwa kitu kimoja. Hakuna mpira wa kuchoka, hakuna uzi wa kulegea. CPVC nayo inafaa na haihitaji mashine, ila ina gundi yake, si ile ya PVC. PEX inapinda, inafaa mno mahali pa kupenyeza kwenye nyumba iliyokwisha kujengwa, na kwenye baridi ya kugandisha maji huvumilia kuliko mabomba magumu, lakini viungio vyake vinataka kifaa chake cha kubana.

*Maji baridi tu, ndani, kwa bajeti ndogo.* PVC ya presha inatosha. Hakikisha tu kwamba hakuna atakayekuja kuunga hita juu yake.

*Kwenye hita.* Nusu mita ya kwanza kutoka kwenye hita iwe ya chuma au shaba, au ile mipira ya kunyumbulika iliyosukwa kwa chuma cha pua. Kwa hita ya jua, njia kati ya paa na tangi iwe ya shaba au chuma cha pua. Na ile vali ya usalama ya hita, ambayo hudondosha maji presha ikizidi, *isizibwe kamwe*. Ikidondosha sana, tafuta sababu. Hita iliyozibwa vali ni bomu.

*Juani.* Plastiki nyingi huharibiwa na jua. PVC hupauka na kuwa kama kaki ya kuvunjika, PEX ndiyo mbaya kuliko zote, PPR nayo huchakaa. HDPE nyeusi huvumilia kwa sababu ya masizi yaliyochanganywa ndani yake. Kama hakuna budi, PVC ipake rangi nyeupe ya maji, PPR ivishe soksi ya sponji, au tumia chuma.

*Shaba* ni bomba zuri la muda mrefu mikononi mwa fundi anayejua kulehemu kwa waya wa lehemu usio na madini ya risasi. Maji yako yakiwa na asidi, yaani pH chini ya 6.5 hivi kama baadhi ya visima, yataila taratibu mpaka itoboke vitundu. Tena usiweke shaba kisha maji yaende kwenye GI: chembe za shaba zinasafiri na maji, zinatua juu ya zinki na kuimaliza. Kinyume chake, GI kwanza shaba baadaye, kwa kiungio cha shaba njano katikati, huwa afadhali.

*Maji taka:* PVC ya maji taka, milimita 110 kwa choo, na mteremko wa kama sentimita 2.5 kwa kila mita. Basi.

Hatua ya 5: Pima tundu, usinunue jina

Nilisema nitarudi hapa. Chuma huitwa kwa inchi, jina la kizamani lililokuwa karibu na ukubwa wa tundu. PPR na HDPE huitwa kwa kipimo cha *nje*. Maji hayapiti nje. Angalia:

- Chuma cha nusu inchi: nje 21.3 mm, tundu karibu 16 mm.
- PPR 20 ya PN20 (PN ni daraja la presha, tazama hatua ya 6): ukuta 3.4 mm, tundu 13.2 mm.
- PPR 25 ya PN20: ukuta 4.2 mm, tundu 16.6 mm.
- Chuma cha robo tatu: nje 26.9 mm, tundu kati ya 21 na 22 mm.
- PPR 32 ya PN20: ukuta 5.4 mm, tundu 21.2 mm.

Umeona? Ukitoa chuma cha nusu inchi na kuweka PPR 20, umepunguza nafasi ya maji kwa theluthi moja hivi. Kwenye presha ya bar 3 hutagundua. Kwenye tangi la bar 0.4 bafu litakuwa la kudondosha. Kwa hiyo nusu inchi ya chuma hubadilishwa kwa PPR 25, robo tatu kwa 32. PPR 20 iachie tawi fupi linaloishia kwenye koki moja.

Kwa nyumba ya tangi, mstari mkuu wa kushuka usiuonee choyo. Uwe mnene kuliko unavyodhani, upunguze ukishafika kwenye matawi.

Hatua ya 6: Soma maandishi yaliyo kwenye bomba

Bomba halali huwa limechapwa maandishi kila baada ya nafasi fupi. Mfano: PPR 25 x 4.2 PN20. Yaani aina, kipimo cha nje, unene wa ukuta, na daraja la presha. PN20 maana yake bar 20 maji yakiwa nyuzi 20. Yakipata moto uwezo hushuka sana, ndiyo maana hata mwenye presha ya bar 3 ananunua PN20 kwa maji ya moto. Kwa baridi PN16 inatosha, na PN10 pia kama presha ni ndogo.

Tafuta pia namba ya kiwango: ISO 15874 ni ya PPR, ISO 15875 ya PEX, ISO 15877 ya CPVC, ISO 1452 ya PVC ya presha, ISO 4427 ya HDPE. Bomba tupu lisilo na maandishi liache hapo hapo dukani. Halafu usiamini maandishi peke yake: angalia mdomo wa bomba. Ukuta ukiwa mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, rudisha.

Hatua ya 7: Nunua viungio pamoja na bomba, vya mtengenezaji mmoja

Elbo, tii, soketi, yunioni: hesabu kwenye mchoro wako na ongeza moja moja ya akiba. PPR ya kiwanda kimoja na soketi ya kingine huenda zikaingiana ovyo, na kasoro hiyo utaijua maji yakishawekwa.

Pale plastiki inapokutana na chuma, nunua kiungio chenye uzi wa shaba njano ndani yake. *Kosa la kawaida:* kukaza uzi wa kiume wa chuma ndani ya uzi wa kike wa plastiki tupu. Chuma ni kabari. Plastiki itavumilia wiki moja, mwezi mmoja, halafu itapasuka usiku.

Nunua na vali ya kufungia kwa kila bafu na jiko. Siku koki moja inaharibika, hutafunga maji ya nyumba nzima.

Hatua ya 8: Tengeneza kiungio cha majaribio, kisha kipasue

Usianze na ukuta. Anza na vipande viwili vya futi moja na soketi moja.

*PPR:* mashine ifike nyuzi 260. Kata bomba mraba, futa vumbi na maji, weka alama ya kina: milimita 14 kwa bomba la 20. Ingiza bomba na soketi kwenye vichwa vya mashine kwa pamoja, bila kuzungusha. Bomba la 20 hupashwa sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Toa, unganisha ndani ya sekunde 4, shikilia. Usinyonge. Acha dakika 2 ipoe, dakika 4 kwa la 32.

Sasa kata maungio hayo kwa urefu na uangalie ndani. Nje unapaswa kuona pete mbili nadhifu zilizobanana. Ndani kuwe na ukingo mdogo tu. Ukikuta plastiki imejikunja kama mdomo ulionuna na kuziba nusu ya tundu, umepasha kupita kiasi au umesukuma kupita alama. Maungio kumi ya namna hiyo ndani ya ukuta, hata tangi liwe juu ya mnara, hutapata maji. Rudia mpaka ukingo upungue. Vipande vya majaribio havipotei bure.

*PVC na CPVC:* kata mraba, tupa makali ya ndani na nje, safisha, jaribu bila gundi kwanza. Paka gundi pande zote mbili, sukuma mpaka mwisho huku ukizungusha robo mzunguko, shikilia sekunde 30. Ukiachia haraka, bomba hujisukuma lenyewe kutoka. Usiweke presha mpaka kesho yake.

*Uzi:* zungusha tepu nyeupe kufuata mwelekeo wa kukaza, mara 8 hadi 10. Ukizungusha kinyume, itajikusanya mdomoni unapokaza.

Hatua ya 9: Yabane, yajaribu, ndipo plasta

Plastiki hutanuka. PPR ya kawaida hurefuka milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Njia ya mita 5 ikipanda nyuzi 40 hurefuka sentimita 3. Hizo sentimita 3 zitaenda popote, kwa hiyo zipe mahali: weka kona, acha vibanio vya katikati viwe vya kuteleza, au nunua PPR yenye nyuzi za kioo ndani, ambayo hurefuka kama robo hadi theluthi ya hapo tu.

Jaribio la presha lifanywe kabla ya plasta, kwa pampu ya mkono, mara moja na nusu ya presha utakayotumia, kwa saa moja au zaidi. Kwa PPR mshale wa kipimo cha presha hushuka kidogo mwanzoni kwa sababu bomba lenyewe linatanuka. Pandisha tena, kisha hesabu. Mwisho, yaachie maji yatoke dakika kadhaa kabla ya kufunga koki, ili takataka zisiingie kwenye vichujio.

Yakikataa

*Maji yamepungua baada ya kuweka bomba jipya.* Rudi kwenye namba za ndoo. Koki moja tu ikiwa dhaifu, fungua kichujio chake, utakuta vipande vya plastiki. Zote zikiwa dhaifu, tundu ni dogo au maungio yamejaa ukingo.

*Maji mekundu asubuhi, meupe baadaye.* Chuma kinaoza mahali fulani kabla ya koki hiyo. Kuvuja kunakuja.

*Doa la kijani au bluu kwenye sinki.* Maji yanakula shaba. Pima pH.

*Bomba linagonga koki ikifungwa.* Vibanio ni vichache au presha imezidi. Ongeza vibanio kwanza, ndiyo njia rahisi.

*Bomba la maji moto limepinda kama nyoka ukutani.* Halikupewa nafasi ya kurefuka. Legeza vibanio vya katikati.

*Maungio ya gundi yanatoa tone.* Usipake gundi juu yake. Haiingii. Kata, weka soketi mpya.

*Maungio ya PPR yanatoa tone.* Vivyo hivyo, kata. Mara nyingi kulikuwa na maji ndani ya bomba wakati wa kuchomelea: funga vali, fungua koki ya chini kabisa, na subiri bomba likauke hasa, maana tone moja linageuka mvuke na kutoboa njia ndani ya maungio.

*Bomba la baridi limelowa kila mahali, si kwenye maungio tu.* Likaushe kwa kitambaa, lizungushie karatasi ya chooni kwenye maungio, rudi baada ya saa moja. Unyevu ukirudi mwili mzima wa bomba, halivuji. Ni jasho la hewa ya joto kugusa bomba baridi. Livishe sponji.